Masultani Wangapi kwa Ngamia Mmoja

Kwa jina la Mola aliyemgawia kila kiumbe nguvu kwa kadiri yake, na sala zimfikie Mtume wake. Hekaya hii niliipokea kwa marehemu Sharifu Alawi wa Siyu, naye aliipokea kwa mama yake, aliyekuwa akicheka kabla ya kuianza.

Palikuwa na Sultani Nasibu wa Tundwani, aliyekereka kwamba nafaka hupimwa kwa pishi na kitambaa kwa dhiraa, lakini watu wakitaja nguvu husema, "Nguvu za punda wawili." Punda alikuwa akitajwa sana mjini kuliko yeye. Akapiga mbiu: tangu leo nguvu zitapimwa kwa Sultani. Mahamali wakatii. Jiwe likawa la Sultani mmoja na robo. Mwenye kisima akasema ndoo yake yataka thumni ya Sultani tu, sehemu moja ya nane, akachapwa.

Kisha Sultani akaenda kwa Mwanahalima, mjane aliyekamua mafuta ya ufuta kwa kinu kizungushwacho na ngamia. Hakuwa na riziki nyingine ila ngamia huyo.

"Ngamia wako ni masultani wangapi?"

"Maulana, nikisema amezidi mmoja?"

"Umenitukana. Namchukua."

"Nikisema amepungua?"

"Basi ni dhaifu. Namchukua, nimchinje."

"Na mkiwa sawa?"

"Umenifananisha na mnyama. Namchukua."

Mwanahalima akampapasa ngamia shingoni. "Vema, Maulana. Lakini kipimo chako kimekwisha kuthibitishwa?"

Sultani akamgeukia Kadhi Mahsini, aliyefuatana naye pamoja na mawaziri. Kadhi akakohoa. "Kwa kweli, Maulana, pishi mpya haitumiki sokoni mpaka ijaribiwe mbele ya mashahidi."

"Nami nitajaribiwaje?"

"Kwa kazi moja na muda mmoja," akasema Mwanahalima. "Ngamia hukamua pishi ya ufuta baina ya adhuhuri na alasiri. Nawe ukimaliza alasiri, mko sawa. Ukimaliza kabla, umemzidi."

"Nitamaliza kabla hujaketi."

"Inshallah. Ila msukuma kinu hufunikwa macho, asishikwe na kizunguzungu. Ndiyo ada ya kinu."

Sultani akavua joho. Akafungwa kwenye mti wa kinu, akavishwa machoni vikapu vidogo vya ukili uliosukwa, vile avaavyo ngamia. Adhuhuri ilipokwisha kusaliwa, akasukuma. Mti haukutikisika. Miguu yake ikateleza juu ya sakafu iliyolowa mafuta, ikateleza tena, naye asiyeona akadhani anakwenda.

"Nimezunguka?" akauliza.

Mawaziri wakatazamana. "Mara moja, Maulana," akasema mmoja.

"Tatu," akasema mwenziwe, mwenye watoto wengi wa kulisha.

Basi Sultani akapiga hatua palepale, jasho likimtiririka, na mawaziri wakihesabu kwa sauti, kila mmoja akichelea kupitwa na jirani yake. Walifika mia wakagombana, wakaanza upya kutoka mia mbili. Ngamia alikuwa kando, akitafuna.

Mwadhini alipoadhini alasiri, Sultani akasimama, ingawa hapakuwa na tofauti kubwa.

"Mashahidi wamesikia," akasema akihema, vikapu vingali machoni. "Haya, bibi. Mimi na ngamia wako, nani mwenye nguvu? Sema kweli, nimchukue."

Mwanahalima akainama, akatia kidole katika chombo cha kukingia mafuta chini ya kinu, akakitoa kikiwa kikavu.

"Wewe, Maulana, wala hukaribiwi. Ngamia wangu sharti azunguke ndipo yatoke mafuta. Wewe umesimama palepale, na watu wazima wamehesabu mizunguko mpaka sauti zikawakauka. Nguvu hiyo ngamia hana, wala hatakuwa nayo. Basi niachie huyu dhaifu wangu, maana mimi nauza mafuta."

Sultani akavua vikapu machoni, akakitazama kidole kikavu, akaenda zake bila ngamia.

Mola awape mliosikiliza nguvu ya kutenda, na macho yasiyofunikwa. Amina.