Nani Kafagia kwa Bwana Nyati?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kusonga ugali, kulikuwa na mtaa mmoja juu mlimani ambako kipupwe kilikuwa kikali kweli. Alfajiri majani yalikuwa meupe kwa sakitu, na maji yaliyomwagwa jioni yaliamka barafu.

Sasa shikeni vizuri sheria ya mtaa huo. Kila mwenye nyumba alitakiwa kufagia njia iliyo mbele ya mlango wake na kuimwagia majivu, wapitao wasiteleze. Nyumba ambayo mwenyewe hakuifagilia kipupwe chote ilihesabiwa kuwa imetupwa, ikapewa yule aliyeifagia.

Pimbi, mdogo kuliko wote, aliishi mwisho wa mtaa na mama yake. Njia yao ya kisimani ilipita kwa Bwana Tembo, kisha kwa Bwana Nyati, na hao wawili ufagio waliuona kwa majirani tu. Nyati akimaliza kuoga alimwaga maji njiani, chwaa, na maganda ya viazi akayarusha palepale.

Asubuhi moja mama alitoka na mtungi. Pimbi alikuwa anachochea moto aliposikia, puu! Kisha kimya. Alikimbia, akamkuta mama amelala kwenye barafu mbele ya mlango wa Nyati, mguu umepinda upande ambao miguu haipindi. Pimbi alipigwa na bumbuwazi hata kulia akasahau. Na kilichomduwaza zaidi ni kwamba Nyati alikuwa dirishani, anakunywa uji, anatazama.

Mama alipokwisha kufungwa banzi, Pimbi alirudi pale.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba, kajiwe."

Pimbi akamwomba kwa adabu afagie mbele ya mlango wake. Nyati alicheka mpaka pembe zikagonga kizingiti. Akasema kwato zake zikikanyaga barafu, barafu ndiyo inayoumia. Mwenye vijiguu vya njiti ndiye atafute ufagio.

"Basi niruhusu nifagie mimi," Pimbi akasema.

"Fagia, mwanangu. Na kule nyuma kuna maganda mengine."

Tangu siku hiyo, kila kulipokucha, Pimbi alikuwa pale. Alifagia, fya, fya, akazoa maganda, akamwaga majivu. Vidole vilipasuka kwa baridi. Mama, akiwa amelala kando ya moto, alishangaa kwa nini anamtumikia aliyewatia kilema. Pimbi alijibu tu kwamba asubiri kipupwe kiishe.

Kipupwe kikaisha. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Mbega, akajitanda shali yake nyeupe, akapita kukagua nyumba hadi nyumba, na majirani wakimfuata. Kwa Nyati akasimama, akaitazama njia kavu, safi.

"Hapa pamependeza," akasema.

Pimbi akadakia upesi, "Hiyo ni kazi ya Bwana Nyati mwenyewe, Mama. Kila asubuhi namwona ameinama na ufagio, kanga kiunoni, anafagia huku anaimba."

Tembo akaguna, kisha akaangua kicheko, na mtaa mzima ukacheka naye. Nyati alivimba shingo.

"Kanga? Mimi? Tangu baridi ianze sijagusa ufagio! Muulizeni yeyote. Huyu kajiwe ndiye anayenifagilia."

"Rudia," Mama Mbega akasema taratibu.

"Sijagusa ufagio kipupwe chote!"

Kicheko kikakatika. Majirani wakatazamana, vinywa wazi. Nyati naye akakumbuka sheria, na mdomo wake ukabaki hivyohivyo, haufungiki.

"Mmesikia wote," Mama Mbega akasema. "Nyumba ni ya Pimbi."

Pimbi akapanda ngazi, akaingia, akaketi kwenye kigoda cha Nyati, miguu ikining'inia.

"Karibu ndani, Bwana Nyati," akaita. "Usisimame nje kama mgeni."

Nyati alipiga magoti pale mlangoni. Machozi yalimtoka, na Pimbi akashtuka, kwa maana hakujua kama kitu kikubwa vile kinaweza kutetemeka. Akashuka kwenye kigoda.

"Nyumba hii siitaki, haina hata kona ya kujikunyata," akasema. "Chukua. Ila maji yako yasiguse njia tena, na kila kipupwe utafagia na kumwaga majivu wewe mwenyewe. Na mama atakapoanza kutembea, mtungi utambebea wewe."

"Nitambebea," Nyati akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya Pimbi.

Ndipo wote wakasikia huko jirani, fya, fya, fya. Wakageuka. Tembo alikuwa ameshika ufagio kwa mkonga, anafagia mbele ya mlango wake kwa haraka kama nyumba inaungua, na wala hakuna aliyemtuma.

Hadithi inaishia hapo kwenye ufagio wa Tembo, nayo inatufundisha hivi: njia iliyo mbele ya mlango wako ni kazi yako, hata kama wewe huwezi kuteleza.