Ulimi wa Mwinyikai na Maajabu ya Zumbara

Alitawala Sultani Badawi bin Shihabu katika mji wa Zumbara na bara yake yote, mpaka kwenye mlima unaovaa theluji, na alikuwa na mali na askari na mabustani, lakini hakuwa na raha, kwa sababu wageni waliokuja kuitembelea nchi yake walirudi kwao bila ya kuisifu. Na nchi ile, enyi mnaonisikiliza, ilikuwa na mambo. Yalikuwapo maporomoko ya Kingurumo, ambapo upinde wa mvua hausubiri mvua, na ziwa la magadi ambalo ndege heroe walilifunika mpaka maji yakaonekana ya waridi, na mapango yaliyochorwa watu wembamba wakiwinda wanyama ambao hawapo tena duniani, na mji mkongwe wa matumbawe wenye milango ya nakshi isiyofanana hata miwili. Wageni walionyeshwa hayo yote, na wakapiga miayo, na wakauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Sababu ya miayo ile alikuwa Mwinyikai, kijana wa kijiji cha Ndundu, aliyepewa kazi ya kuwaongoza wageni. Hakuna aliyeipenda nchi ile kumshinda yeye, lakini Mungu alimpa moyo mpana na ulimi mzito. Akifika mbele ya Kingurumo husema, "Haya ni maji," kisha hunyamaza na machozi yakamlenga, na wageni hawakuyaona machozi, waliona maji tu. Mimi simlaumu kwa hilo. Wapo watu wengi wa namna yake, na ndio wanaoachwa nyuma kila siku na wenye kusema sana.

Ikawa siku moja waziri wa nchi jirani akasema mbele ya baraza zima kwamba kwao mvua ikinyesha mifereji ya paa hutoa maporomoko makubwa kuliko yale. Watu wakacheka, na Sultani Badawi akafedheheka fedheha kubwa, na akamwita Mwinyikai akamwambia kwamba atakuja Sultani Ghalibu, mfalme wa nchi ya mbali, kuitembelea Zumbara. Akipiga mwayo mmoja, Mwinyikai atapelekwa kuchimba magadi mpaka afe. Na akiisifu nchi, basi Mwinyikai aombe alitakalo.

Na Mwinyikai alikuwa na alitakalo. Aliwahi kumwongoza binti wa Sultani, jina lake Tuhfa, na wajakazi wake, kwenda kuwatazama heroe. Wajakazi walilalamika jua na harufu ya magadi, lakini yule binti alivua viatu vyake, akakaa chini kwenye tope kavu, akatazama wala hakusema neno mpaka walipomwambia ni wakati wa kurudi. Mwinyikai akasema moyoni mwake, huyu anaona kama ninavyoona mimi. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni sawasawa.

Akaenda kwenye mapango ya michoro, na kwa desturi ya watu wa Ndundu akasimama nje, akapiga hodi na akangoja, kwa sababu mapango yale yana wenyewe. Miaka yote alipiga hodi na hakujibiwa. Siku hiyo akajibiwa, "Karibu," na akatoka jini mrefu mwenye rangi ya udongo ule ule wa michoro, akamwambia kuwa jina lake ni Barkashi, na kwamba kwa adabu yake ya kupiga hodi miaka yote hiyo atampa haja yake. Mwinyikai akamweleza habari yake yote, na jini akatoa pete ya shaba.

"Vaa hii," akasema Barkashi, "na ulimi wako utakuwa mwepesi, na kila utakachokisifu, anayekusikia atakiona kwa uzuri wake wote, kama ukionavyo wewe. Lakini sikia sharti, ewe mwanadamu, nisije nikaitwa mdanganyifu. Kila utakachokisifu, macho yako hayatakiona tena. Utakisikia na utakigusa, lakini kukiona, basi."

Mwinyikai akafikiri kuwa mambo yale ameyaona tangu utotoni na ameshiba kuyaona, na kwamba magadi ni mauti na Tuhfa ni uhai. Akaivaa. Mtu mwenye njaa haulizi sana kilichomo chunguni.

Akaja Sultani Ghalibu na farasi wake na watumishi wake, na Mwinyikai akamsimamisha mbele ya Kingurumo, akafungua kinywa, na maneno yakatoka kama yaliyokuwa yamefungiwa miaka yote. Ghalibu akashuka kwenye farasi, akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa na akalia bila ya kujificha. Na Mwinyikai alipogeuka naye atazame, akaona jabali kavu. Ngurumo ilikuwapo na manyunyu yalimlowesha uso, lakini maji hayakuwapo. Moyo ukamwuma, na akajikaza. Ziwani akawasifu heroe, na akabaki na bonde jeupe linalopiga kelele za ndege. Akausifu mlima, na upande ule wa mbingu ukawa mtupu. Akaisifu milango ya mji mkongwe mmoja mmoja, na jioni alitembea katika vichochoro akipapasa nakshi kwa vidole, na watu wakadhani amelewa.

Sultani Badawi akafurahi furaha isiyo kifani, akamvika joho, akampa nyumba, na alipoombwa Tuhfa akakubali, na Tuhfa mwenyewe akakubali. Harusi ikatangazwa, na Ghalibu akasema hatoki Zumbara mpaka aione, na pia akataka aonyeshwe mahali ulimi ule ulipozaliwa.

Basi wakaenda Ndundu. Mama yake Mwinyikai, Bi Mashavu, alikuwa mfinyanzi, na waliingia uani mwake akiwa amechuchumaa na udongo mpaka viwikoni, akaona haya, akatafuta mahali pa kunawa. Ghalibu akauliza ni nani huyu bibi mchafu. Na Mwinyikai, kwa uchungu wa neno lile na kwa mapenzi, akasahau. Akasema habari za mikono ile, jinsi ilivyomlea bila ya baba, na mtungi wake unavyopoza maji, na uso wake anapoufungua mlango alfajiri. Ghalibu akainama akambusu Bi Mashavu mikono na udongo wake.

"Mbona unaangalia mlangoni, mwanangu?" akauliza mama. "Mimi nipo hapa."

Mwinyikai akainyoosha mikono, akampata, akamshika. Ulikuwa mkono wa mama yake, wenye udongo, na hapakuwa na mtu.

Alirudi mapangoni mbio na hakupiga hodi. Akamtupia Barkashi pete na akamwomba amrudishie mama yake, naye achukue joho na nyumba na heshima yote. Jini hakukasirika, na pengine alimwonea huruma, ikiwa majini wana huruma. Akamjibu kwamba pete ni shaba tu na inavulika kidoleni, lakini ulimi ukishafunguliwa hakuna wa kuufunga ila mwenyewe. "Mimi sikukunyang'anya," akasema. "Wewe uliwapa. Ulitaka kutoa na kubaki nacho, na hilo hata sisi hatuliwezi."

Mwinyikai akala kiapo kwamba mdomo wake hautamsifu Tuhfa maisha yake yote. Wala hakumwambia sababu, kwa sababu aliona aibu kueleza jinsi alivyoupata utukufu wake, na aibu hiyo ndiyo iliyomponza kuliko pete.

Ikafika siku ya harusi. Na desturi ya Zumbara ni kwamba bibi harusi huketishwa kwenye kiti cha mpingo mbele ya watu, na bwana harusi humfunua ukaya na kumsifu kwa maneno yake mwenyewe, na asiyesifiwa huhesabiwa ameolewa kwa kuhurumiwa. Mwinyikai akaufunua ukaya. Akamwona Tuhfa na asumini nyweleni na wanja machoni, akamtazama kama mtu anayejaza maji kabla ya kuvuka jangwa. Na hakusema kitu.

Minong'ono ikaanza. Sultani Badawi akakohoa. Ghalibu akasogea mbele asikie vizuri. Tuhfa akainua macho.

"Bwana," akasema kwa sauti ndogo, "umeyasifu mawe na ndege mpaka wafalme wakalia. Kwangu mimi huna neno hata moja?"

Angeweza kunyamaza. Angebaki na uso ule maisha yake yote, ukimtazama kwa fedheha. Akamsifu. Akasema habari ya binti aliyevua viatu akakaa kwenye tope kavu, na kila neno lilikuwa la kweli. Baraza zima likalia, na katikati ya kilio akamsikia Tuhfa akicheka kwa furaha, na hakuwa amepata kumsikia akicheka vile. Alipomtafuta, aliona asumini inaelea juu ya kiti kitupu.

Akaishi na mkewe kwa heri na utajiri, na alikuwa mke mwema kwa sauti na kwa mikono, na wakajaliwa watoto, na Sultani Badawi alipofariki Mwinyikai akawa waziri mkuu. Wageni walijaa Zumbara, na watu wote walisema kuwa ana bahati. Ila nyumbani walijua jambo moja, kwamba baba yule hakuwahi kuwaambia watoto wake neno zuri hata siku moja. Wanawe walisoma wakafaulu, akawaambia wakasome tena. Wakalalamika kwa mama yao kwamba baba hawapendi.

Basi anayesikia hekaya hii na ajue kwamba si kila anyimaye neno amenyima moyo, na ajue pia kuwa kwa mtoto hiyo haina tofauti.

Na binti yake mdogo, siku ya Idi, alimjia na nguo mpya akazunguka mbele yake, akauliza, "Baba, nimependeza?" Mwinyikai akamtazama, akamtazama sana, toka utosini hadi miguuni.

"Nenda ukabadilishe," akamwambia.