Begi la Tunu Liingie Gari la Nani

Hapo zamani, na sisemi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani hii ya juzi, ya simu za kugusa na vocha za kukwangua, usiku wa manane, katika chumba kimoja cha Ngamiani, Tanga, simu ililia. Ngrii. Ngrii. Ngrii.

Chumbani alikuwa amelala mama mmoja kijana, jina lake Sikudhani, na binti yake Tunu wa miezi tisa. Mume wake, Hemedi, alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Sikudhani aliisikia ile simu akajua ni nani hata kabla hajafumbua macho. Ni mama yake mzazi, Bi Saumu, anayeishi Edinburgh. Bi Saumu alikuwa akipiga kila usiku, na Sikudhani kila usiku akiikata, kwa sababu mama huyo alimwacha akiwa mdogo, akaenda ng'ambo kulea watoto wa watu, akabaki hukohuko. Basi akanyoosha mkono aikate kama kawaida yake.

Mwanga wa kioo cha simu ukamwangukia Tunu.

Tunu yuko macho. Mdomo wazi. Mikono inapapasa hewa. Na hakuna sauti, jamani, si kilio, si kikohozi, hakuna kitu, na midomo imeanza kubadilika rangi. Jioni walimenya ukwaju mkekani, kokwa moja ikabaki, mtoto kaamka peke yake kimya kimya, kaiona, kaitia kinywani.

Sikudhani akaikata simu ya mama yake, akampigia wifi yake Zaina, akafungua spika. Zaina ni dada yake Hemedi, ni nesi wa watoto kule London.

"Wifi, Tunu hapumui, kuna kitu kooni, nifanye nini, wifi, nifanye nini!"

"Nyamaza unisikilize. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini. Kwa kiganja, katikati ya mabega, mpige. Kwa nguvu."

Akamlaza. Akainua mkono. Mkono ukagoma. Nyie mliozaa mnanielewa, utampigaje kwa nguvu mtoto ambaye hata kumvisha soksi unaogopa kumkunja kidole?

"Piga, wifi!"

"Siwezi, nitamvunja!"

Sasa, Mungu alivyopanga, usiku ule nyumbani kwa Zaina alilala mgeni. Alikuwa Bi Mwanvita, mdogo wake Bi Saumu. Anaishi Manchester, alikuja London kwa harusi tu. Bi Mwanvita ndiye mama mdogo aliyemlea Sikudhani baada ya mama yake kuondoka. Akaipokonya simu.

"Sikudhani! Umeambiwa piga!"

Ilikuwa sauti ileile ya Sikudhani vyombo, Sikudhani daftari liko wapi, Sikudhani toka kwenye jua. Mkono ukatii kabla akili haijauliza. Akapiga. Akapiga. Akapiga. Kokwa ikaruka, ikagonga ndoo, tang! Tunu akalia. Kilio kile, wenzangu, mimi sijawahi kusikia wimbo mtamu hivyo hata harusini. Sikudhani, nataka kusema. Sikudhani hajawahi kusikia.

Kulipokucha Sikudhani akapiga simu Edinburgh, yeye mwenyewe, mara ya kwanza.

"Mama."

Bi Saumu akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Tunu yuko hai. Simu yako ndiyo iliyoniamsha."

Mnaona? Mmoja aliamsha. Mmoja alijua. Mmoja alitiiwa. Angekosekana yeyote kati yao, leo hii hadithi isingekuwa ya safari.

Maana safari ndiyo iliyofuata. Wanawake wale watatu wakapigiana simu, wakakubaliana kuchanga sawasawa, asiwepo wa kusema mimi nimezidi. "Njooni wiki moja," wakasema. "Wewe na Hemedi na mtoto. Tumwone kwa macho. London, Manchester, Edinburgh, kote mtafika, treni zipo. Ndege inaweza kushuka mji wowote kati ya hiyo. Chagueni mnashukia wapi, mtuambie, tukate tiketi."

Sikudhani alifurahi mpaka akapika maandazi akagawa nyumba nzima ya wapangaji. Hajawahi kupanda ndege. Hajawahi kufika mbali kuliko Korogwe. Alikuwa anaogopa baridi, anaogopa zile ngazi zinazotembea zenyewe, anaogopa Tunu atalia hewani watu wanune. Lakini hofu zote hizo zikawa ndogo siku alipokaa na Hemedi mkekani kupanga safari yenyewe, kwa sababu hapo ndipo alipokumbuka jambo moja. Kufikia.

Nyie ni watu wa kwetu, mnajua. Kutembelea ni kitu kimoja, kufikia ni kitu kingine. Unaweza kutembelea nyumba ishirini, lakini unafikia moja tu. Unapofikia ndipo begi linapowekwa chini, ndipo mtoto anapoogeshwa vumbi la safari, ndipo unapokula wali wa kwanza. Na begi likishawekwa chini halihamishwi. Likihama, watu wataulizana mmegombana nini. Kwingine kote unakwenda na mkoba wa nepi tu, unasalimia, unalala hata siku mbili, lakini wewe ni mgeni wa fulani.

"Mbona rahisi," akasema Hemedi, kidole kiko kwenye ramani ya simu. "London kuna saa kubwa. Edinburgh kuna ngome juu ya jabali. Manchester kuna viwanja viwili. Tushukie Manchester."

"Baba Tunu, mimi nazungumza mama zangu, wewe unazungumza mpira."

"Nimesema viwanja viwili, Mama Tunu. Sijapendelea timu."

Simu ikalia. Wifi Zaina, London.

"Wifi yangu, sikusimangi, nakukumbusha tu. Nani aliyejua la kufanya? Wote mngelia, mngeomba dua, mngekimbia barabarani bila viatu, na mtoto angekwenda. Nimeokoa watoto wengi hapa hospitali, wote kwa mikono yangu. Wako peke yake nimemwokoa bila kumgusa. Basi niacheni niwe wa kwanza kumgusa. Shukieni London."

Ni kweli. Sikudhani akasema ahsante wifi, akakata simu, akalia kidogo, akaendelea kukuna nazi.

Simu ikalia. Mama mdogo, Manchester.

"Sikudhani, unaikumbuka posa ya yule mzee wa magunia?"

"Naikumbuka, mama."

"Uko kidato cha pili. Baba yako kashakubali, wageni wamejaa ukumbini, pilau imeiva. Nani alikwenda jikoni akakaa juu ya mfuniko wa sufuria?"

"Wewe, mama."

"Nilikaa! Moto chini, mimi juu! Nikasema anayetaka pilau aninyanyue. Wageni wakangoja, wakanuna, wakaondoka na njaa yao, na posa ikafa hapohapo, maana nani anafunga mapatano tumbo tupu? Ukamaliza shule. Ukakutana na huyo Hemedi wako. Ningenyanyuka kwenye lile sufuria, asingekuwepo hata huyo Tunu wa kukabwa na kokwa. Na usiku ule Zaina alijua, sawa, kusoma amesoma, lakini mkono wako ulimsikia nani? Leo upite mlangoni kwangu na mkoba wa nepi ukaweke begi kwa mwingine? Hapa Manchester watu wa Tanga wapo, mwanangu. Watasema kumbe Mwanvita alikuwa yaya tu."

Ni kweli. Sikudhani akasema ahsante mama, akakata simu, akalia kidogo, akaendelea kukuna nazi.

Simu ikalia. Edinburgh.

"Mimi sina la kudai," akasema Bi Saumu. "Nilikuzaa nikakuacha. Waliofanya kazi ni wenzangu. Fikieni kwao, kwangu mje mwisho, hata usiku mmoja. Ila uniambie tu treni inaingia saa ngapi, nisimame stesheni."

"Ndiyo, mama."

"Nimeshanunua blanketi la mtoto. La manjano. Si kitu kikubwa."

"Ahsante, mama."

Sikudhani akanyoosha kidole akate simu.

"Kuna kitu nataka ukijue, kisha tusikiseme tena," akasema Bi Saumu. "Siku moja kabla ya usiku ule nilijiambia, Saumu, acha kupiga. Mtoto hakutaki. Unamsumbua. Nikaiweka simu kabatini. Kesho yake nikatoka kazini, nikala, nikakaa. Nikaenda kabatini nikaitoa. Basi. Ni hilo tu."

Hili nalo ni kweli. Lakini safari hii Sikudhani hakulia kidogo. Na nazi hakuikuna, Hemedi ndiye aliyekuja kuimalizia, na akajikuna vidole.

"Tufikie hotelini," akasema Hemedi, kidole mdomoni. "Asilaumiwe mtu."

"Hotelini! Mtu mwenye mama wawili na wifi afikie hotelini? Si watadhani ukoo mzima umetukataa."

"Basi waje wote watatu uwanja wa ndege."

Sikudhani akaona la maana. Akampigia mama mdogo amwambie. Bi Mwanvita akacheka.

"Tutakuja, kwa nini tusije? Lakini hata tukija wote, begi lazima liingie gari la mtu mmoja."

Na wifi alipopigiwa naye akamalizia, akasema hata yule afisa wa uhamiaji pale uwanjani, mzungu asiyejua mila zetu, kabla hajagonga muhuri atamtazama Sikudhani usoni amuulize lilelile: unafikia kwa nani?

Basi mama yule kijana kila akilala anamshukuru Mungu. Anamshukuru kwa wifi, anamshukuru kwa mama mdogo, anamshukuru kwa mama mzazi, kisha anamwangalia Tunu anavyopumua, kifua kinapanda, kinashuka, na anaona shukrani yake ni kubwa kuliko nyumba yoyote ya kuifikishia. Wengine hawana hata mmoja wa kuwafungulia mlango. Yeye ana milango mitatu, na yote imewashwa taa. Na kesho asubuhi Hemedi wangu, Hemedi wake namaanisha, anapiga simu kusema ndege ishuke wapi.

Msinitazame hivyo. Ni hadithi.

Lakini nijibuni. Aliyeamsha bila kujua anaamsha, na alikuwa ameshataka kuacha. Aliyejua, akasema, na maneno yake yakagonga mkono ulioganda. Aliyetiiwa, kwa sababu alishakaa juu ya moto miaka ile. Je, Sikudhani afikie kwa nani? Begi la Tunu liingie gari la nani?

Msijibu kwa pamoja, kuta za hapa nyembamba na simu zenu ziko wazi. Njooni mmoja mmoja mninong'oneze sikioni. Naapa kwa pumzi za huyu aliyelala mapajani mwangu, utakachosema sitamwambia mtu mwingine.