Kaburi la Kileleni Tal Sanad

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari ya mji mdogo wa Tal Sanad, ulio juu ya kilima mashariki ya Mto Yordani. Magharibi kilima kinateremkia kwenye mizeituni. Mashariki ni nyika kavu. Chemchemi ilikuwa moja tu, na makabila mawili yaliigombania: Banu Ruwaysh na Banu Ghaslan.

Banu Ruwaysh walikuwa na hoja moja. Babu yao mkuu, Sanad, alizikwa kileleni kabla Banu Ghaslan hawajafika, na kaburi lake lipo. Mlinzi wa kaburi hilo alikuwa mwanamke mchamungu wa kabila hilo, Bi Wadha, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Nani angethubutu kulitilia shaka?

Mwaka wa ukame kadhi akapanda kilimani kuamua. Kabila litakaloshindwa lingehama na watoto wake na mifugo yake. Akamtaka Bi Wadha aape kwa jina la Allah kwamba Sanad amelala pale.

"Apa, shangazi," akasema Sheikh Fandi, mkuu wa Banu Ruwaysh, akitabasamu. "Neno moja tu, tumalize."

Bi Wadha akajibu: "Siapi, mwanangu. Humo hamna mtu. Baba yangu aliniambia akiwa anakata roho: mawe haya aliyapanga yeye kwa mikono yake, mwaka tuliohamia hapa kutoka kusini. Nimenyamaza miaka arobaini, Allah anisamehe."

Subhanallah! Watu walipigwa na butwaa. Sheikh Fandi akaketi vumbini na kilemba chake. Wanawake wakaangua kilio. Mimi mwenyewe niliposimuliwa nilishika kichwa: mja mmoja kulipokonya kabila lake maji kwa kinywa chake!

Ndipo akasimama Sheikh Jadaan, mkuu wa Banu Ghaslan, uso umemshuka. "Ewe kadhi, nimekuja na mashahidi saba waape kwamba sisi ndio wa kwanza. Wote nimewafundisha mimi la kusema. Wallahi, sisi nasi ni wageni hapa; tuliikuta chemchemi inatiririka."

 Kadhi akaamuru maji yagawanywe kwa zamu, kila kabila siku yake.

Bi Wadha alipofariki, makabila yote mawili yalimbeba hadi kileleni. Wakayaondoa mawe, wakachimba, wasikute hata mfupa. Wakamlaza humo.

Ndugu zangu, tujiulize ni mawe gani tunayoyalinda sisi, na siku tukitakiwa kuapa tutasema nini. Kaburi lile sasa lina mwenyewe.