Bei ya Bunduki ya Mitutu Miwili

Nyamizi, mjane na fundi wa bunduki, alirithi bunduki kuukuu ya mitutu miwili. Tajiri Kasonta, mwenye nyingine kama hiyo, aliitaka sana.

Siku ya gulio, Nyamizi alifunua bunduki mbele ya watu. "Bwana Kasonta, taja mwenyewe bei ya haki. Sitabisha."

Kasonta alichungulia mitutu, akatema mate. "Kutu tupu! Mbuzi mmoja, tena nakuhurumia."

Nyamizi alimkabidhi kamba ya mbuzi aliyekuja naye. "Basi mbuzi wako huyu hapa. Bunduki nabaki nayo."

"Una wazimu, mama?"

"Hii ni yako, uliyoniletea nitengeneze kitako. Yangu iko nyumbani."

"Nirudishie! Hiyo ni ng'ombe kumi!"

Gulio zima liliangua kicheko.

"Haya, ichukue," alisema Nyamizi. "Na yangu ni pacha wake. Lete ng'ombe kumi."

Kasonta aliwaleta.