Homa Juu ya Kreni

Kiti cha mwendesha kreni kilikuwa mita sitini kutoka ardhini, ndani ya kibanda cha vioo kisichozidi ukubwa wa kabati la nguo. Kutoka hapo aliyaona mabati ya nyumba yake, barabara ya nyuma na geti la kijani la zahanati ya mtaa. Wenzake walimwita Kipanga. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na nondo za tani mbili alizitua chini polepole kama mama amlazaye mtoto aliyesinzia.

Kikwazo kilikuwa ngazi. Kushuka kulimchukua robo saa, kupanda kukazidi hapo. Basi akajizoeza kutokunywa maji toka asubuhi hadi jioni, na haja ndogo ikimbana alijikaza kisabuni mpaka kazi iishe. Alijisifu kwamba kibofu chake ni cha chuma.

Siku moja chuma kikashika kutu. Mkojo ulimchoma kama uliotiwa pilipili, ukatoka kidogo kidogo, mzito, wenye harufu. Alitoka chooni, baada ya dakika kumi akarudi. Mwenye busara angekwenda kupimwa. Kipanga, badala ya kutafuta dawa, alitafuta mwenye kosa.

"Maradhi ya sehemu hii hayaji bure," aliwaza. "Mimi sijatoka nje ya ndoa yangu. Basi nimeletewa."

Wivu ukamwingia kama mchwa kwenye boriti, ukaanza kumla kimyakimya. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani sare za wanafunzi. Akicheka na mteja, Kipanga alihesabu kicheko kilidumu kiasi gani. Akijipaka mafuta, aliuliza anajipakia nani. Jumatatu moja, akiwa juu kwenye kreni, aliuona mwavuli wa manjano wa mkewe ukiingia kwenye geti la kijani. Ijumaa ukaingia tena. Tabibu wa pale alikuwa kijana mwenye mashati yaliyonyooka na meno meupe. Kipanga hakuhitaji ushahidi zaidi. Moyo wake ulikuwa hakimu, shahidi na askari jela.

Alihamia kwenye kochi la sebuleni.

"Baba, nimekukosea nini?" mkewe alimuuliza.

"Muulize anayejua."

"Nani huyo? Mbona unasema kwa mafumbo? Na huko chooni nakusikia unagugumia. Unaumwa?"

"Mzima kama kigongo. Wewe shona nguo zako."

Kazini maumivu yalipomzidi, alimdanganya msimamizi kwamba anaumwa jino. Msimamizi, mtu wa huruma, alimpa vidonge vinne vilivyobaki alipong'olewa jino lake mwenyewe. Kipanga alivimeza, akapata nafuu ya siku tatu, kisha moto ukarudi na kuni za nyongeza: sasa hata mgongo ulimuuma, upande mmoja, chini ya mbavu.

Jumanne mkewe alimwambia, "Alhamisi omba ruhusa. Saa nne nataka twende mahali pamoja."

"Mahali gani?"

"Twende tu, baba. Nikikwambia hutakwenda."

"Basi siendi."

Jioni hiyo, mkewe alipotoka kuanua nguo, Kipanga alipekua mkoba wake. Alikuta kipande cha karatasi: namba ya simu, na chini yake, "Alhamisi, saa nne kamili." Mwandiko ulikuwa wa mwanamume. Akajiambia kwamba ile safari ya pamoja ilikuwa kisingizio tu.

Alhamisi ilipofika alipanda kreni akiwa na baridi mifupani ingawa jua lilikuwa kali. Saa nne aliuona mwavuli wa manjano umesimama mbele ya geti. Tabibu alitoka, akatazama saa, akatazama barabara, wakazungumza, wakaingia ndani pamoja. Kipanga aliuma meno. Wakati huohuo tita la nondo lilikuwa likining'inia juu ya mafundi kumi na wawili.

Ndipo homa ikampiga. Mwili ulimtetemeka, meno yakagongana, jasho likamwingia machoni. Redio iliita, "Kipanga, mbona mzigo unayumba?" Akashika vishikio vya kreni kwa mikono miwili.

"Waondoe watu!" alipiga kelele. "Waondoe wote!"

Mafundi walitawanyika. Inchi kwa inchi, akilia kwa maumivu bila kujali kwamba redio iko wazi na kila mtu anamsikia, aliushusha mzigo hadi ukagusa ardhi. Kisha akaangukia upande. Iliwachukua wenzake karibu saa nzima kumteremsha kwa mikanda na kamba, na zahanati ya karibu ilikuwa ile yenye geti la kijani.

Alipofumbua macho, tabibu alikuwa ameinama juu yake, na mkewe amesimama kando.

"Unaumwa wapi, kaka?"

Msimamizi aliwahi kujibu, "Jino!"

"Jino halitetemeshi mtu hivi," tabibu alisema. "Sema mwenyewe, nikusaidie."

Kipanga aligeukia ukuta. Mwishowe akasema yote: mkojo, vidonge, mgongo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huu ugonjwa, mwanamume analetewa na mkewe?"

Mkewe akamgeukia.

"Mara nyingi ni bakteria wa mwilini mwako mwenyewe," tabibu alijibu. "Wakiingia kwenye kibofu, na wewe hunywi maji, unabana mkojo kutwa, wanazaana. Kwa umri wako, huenda tezi dume nayo imevimba, mkojo hauishi wote. Ile dawa nusunusu iliwachokoza tu, na sasa nadhani wamepanda kwenye figo. Tutapima mkojo tujue ni wadudu gani, tuanze sindano leo, halafu vidonge mpaka kimoja cha mwisho, hata ukijiona mzima. Na hiyo tezi lazima ipimwe."

"Kumbe ndilo lililokupeleka kwenye kochi," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilichoma kuliko mkojo. "Mara mbili nimekuja hapa kuulizia mkojo wa mume wangu, aibu nikaibeba mimi. Leo tabibu alituwekea nafasi, nimekungoja getini kama mjinga. Na wewe huko juu ulikuwa unanihesabia wanaume?"

Mkewe aliifungua chupa ya maji, akaiweka karibu naye. "Kunywa. Mengine tutayazungumza ukipona."

Homa ilishuka siku ya tatu. Vidonge alivimaliza vyote, tezi ikapimwa na kupatiwa dawa, na msimamizi akapanga zamu ili mwendesha kreni ashuke kila baada ya saa mbili. Kipanga mwenyewe aliwasimulia mafundi kilichompata, bila kuficha hata lile la wivu. Wawili kati yao walikwenda kupimwa siku iliyofuata. Nyumbani aliomba radhi zaidi ya mara moja. Mkewe alimjibu kwa adabu, lakini ilipita miezi kabla ya kucheka naye tena kama zamani, kwani figo lilipona mapema kuliko moyo aliouvunja. Walionena kwamba mficha maradhi kilio humfichua hawakukosea hata herufi moja.