Mabamba ya Sajenti Kapinga

"Ngao ni ya moyo, kitambi kitajijua." Juzi nyumba ilipovuja, mama yenu alisema hivyo huku akilifunika gunia la mbegu kwa turubai letu moja, godoro akaliacha linyeshewe. Mlicheka mpaka mkasahau kuhamisha viti. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni chini, maana mimi siwasimulii watu waliosimama. Methali hii ina kwao, na kwao ni kituo cha askari wanyamapori cha Namakolo, huku huku kwetu kusini, mwaka ule zilipoletwa fulana za kuzuia risasi kwa mara ya kwanza.

Pale kituoni alikuwepo sajenti mmoja, Oswini Kapinga, mtu wa miraba minne mwenye kitambi cha heshima. Msidhani alikuwa mvivu. Kwa miaka kumi na tisa aliongoza doria, akisoma nyayo za majangili hata juu ya mawe, na porini ndiko alikojiona mtu kamili. Sasa mkuu mpya wa kituo, Bwana Mhagama, akatangaza kwamba kila askari atajaribiwa akiwa ndani ya fulana yake: atatambaa chini ya seng'enge, atapanda kilima cha kituo, kisha atainua bunduki na kulenga. Atakayeshindwa mara mbili atahamishiwa getini kuandika majina ya wageni. Kapinga alipofikiria kuzeeka getini na kalamu mkononi, roho ilimwuma kweli.

Fulana zenyewe zilikuwa kitambaa kigumu tu, chenye mfuko mbele na mwingine nyuma. Kinachozuia risasi ni mabamba yanayotiwa humo, nayo yalikuja kwa saizi tatu. Yalitolewa ghalani na Leokadia Haule, mtunza ghala, ambaye futi ya fundi cherehani haikumtoka shingoni. Askari karibu wote walifanya kosa moja: walichagua bamba kama mtu anavyochagua shati. Mwembamba alichukua dogo, mnene akachukua kubwa. Kapinga akataka kubwa kuliko yote.

"Afande, hili si shati," Leokadia alimwambia. "Tunapima kuanzia kishimo cha koo, tunashuka mpaka vidole vitatu juu ya kitovu. Wewe ni saizi ya kati."

"Ya kati!" Kapinga alijipapasa tumbo. "Na tumbo lote hili nani atalilinda?"

"Kubwa na la kati yanazuia risasi ile ile, afande."

"Basi nipe kubwa, tuenee."

Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Miaka minne nyuma jangili alimfyatulia risasi ikampita ubavuni, ikachana shati. Tangu siku ile kila akiingia porini alihisi tumbo lake lote limechorwa shabaha. Kwa hiyo alichukua bamba kubwa, na halikumtosha hilo. Akalegeza mikanda ya mabegani ili lishuke likae juu ya kitambi.

Siku ya jaribio familia zilialikwa, watu wakaja na masufuria yao. Kapinga akaingia chini ya seng'enge. Ukingo wa chini wa bamba ukachimba udongo, bamba likasukumwa juu, likamgonga kidevu. Akajaribu kujigeuza, akaishia chali, miguu hewani, kama kobe aliyepinduliwa na watoto. Wenzake wawili wakamvuta huku wakiomba radhi kwa kucheka. Alipoinua bunduki, kitako kiligoma kukaa begani kwa sababu bamba, lililokuwa bado limepanda juu, lilikuwa limetangulia pale kwa upana wake.

"Hiyo ni moja," alisema Bwana Mhagama. "Ya pili baada ya chakula."

Mkewe, Rosina, alimpakulia ugali na kisamvu cha karanga. Kapinga hakugusa hata tonge. Mke akamtazama, kisha akamgusa kifuani.

"Baba Desi, hapa juu ya chuma mbona pako wazi?"

"Nimelishusha lifunike tumbo."

"Na moyo uko wapi?"

Kapinga akainamisha kichwa kulitazama bamba. Leokadia, aliyekuwa ameketi jirani akila, akamjibia, "Nusu uko nje, Mama Desi. Nilimwambia."

Rosina akaweka mwiko chini. "Sikia, mume wangu. Hicho kitambi nimekijenga mimi, kwa ugali huu huu, miaka kumi na minane. Kikitobolewa, madaktari watashona, nami nitakijaza upya. Lakini moyo huo sikuupika mimi. Niliukuta uko tayari, na mwingine sijui pa kuupata. Ngao ni ya moyo. Kitambi kitajijua!"

Watu waliangua kicheko, mmoja akapaliwa na maharage. Kapinga alicheka kuliko wote. Alijiona anapendwa, akaona na haya kidogo, na ile hofu ya miaka minne ikapungua kifuani mwake. Akala ugali wote.

Baada ya chakula Leokadia alimpima, akamtilia mabamba ya kati na kukaza mikanda mpaka ukingo wa juu ukafika kwenye kishimo cha koo. Tumbo likabaki nje kwa raha zake. Kapinga akatambaa, seng'enge ikachukua kifungo kimoja tu. Akapanda kilima akihema, Rosina akimpigia kelele kutoka chini, "Panda, Baba Desi, panda!" Kule juu akainua bunduki, na kitako kikakaa begani barabara.

Bwana Mhagama akamtazama toka juu hadi chini. "Na hilo tumbo, sajenti? Huogopi?"

"Naogopa, mkuu. Lakini mwenye mali ameshatoa ruhusa."

Jioni ile ghalani palikuwa na foleni ya askari waliotaka kupimwa upya. Wengine baadaye walihamishiwa vituo vya mbali, wakaenda na maneno ya Rosina, na watu wasiojua bamba wala fulana wakayatumia kila walipokuwa na kinga moja na vitu kumi vya kukinga.

Kapinga aliongoza doria miaka saba mingine. Kila alipotoka, Rosina alimgonga kifuani kuhakikisha chuma kiko mahali pake, kisha akamfinya tumbo na kumwambia aende salama. Ngao ni ya moyo, wanangu, kitambi kitajijua.